Mwongozo kamili wa kutembelea Hui'an, wilaya ya wachonga mawe nchini China

Barabara ya kutoka mji wa Hui'an kwenda Chongwu, mji wenye ngome kando ya bahari, ina karakana za mawe kulia na kushoto. Mbele ya kila karakana sanamu zimepangwa kama abiria wanaosubiri basi: simba, mabudha, tembo, malaika wenye mabawa, taa za bustani. Anayefika hapo mara ya kwanza hupumbaa. Kila kitu kinamshangaza, naye hana kipimo cha kujua kipi fundi alikitolea jasho na kipi kilitoka kwenye mashine ya kompyuta jana jioni. Mimi nilinunua simba wawili siku ya kwanza. Siku ya tatu, macho yalipokwisha kufunguka, nilikuwa nawaona aibu.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa makusudi: mawe ya zamani kwanza, karakana baadaye, duka mwisho kabisa. Tenga siku nne. Tano ni bora.

Hui'an ni wilaya ya pwani katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, chini ya jiji la Quanzhou na mkabala na kisiwa cha Taiwan. Jiwe lake ni graniti, jeupe kwa kijivu au la kijani-kijivu, na ufundi wake uliingia katika orodha ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika, yaani wa ujuzi na mila, mwaka 2006. Mwaka 2015 Baraza la Ufundi Duniani liliitambua wilaya hii kuwa mji wa dunia wa uchongaji mawe. Watu huja kwa ajili ya mawe, kisha wanagundua kwamba na bahari nayo ni nzuri.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Nenda kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, au Machi na Aprili. Mei na Juni mvua hainyamazi. Kuanzia Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani, na tufani ikikaribia, treni husimamishwa na fukwe hufungwa, ukabaki unaangalia dari ya hoteli.

Chongwu imechomoza baharini kama pua, na kuanzia Oktoba upepo wa kaskazini-mashariki huipiga kweli kweli. Mtu wa pwani yetu ataujua upepo huo, kwa kuwa ni ndugu wa kaskazi. Jua linaweza kuwaka nawe ukatetemeka, kwa hiyo beba koti la upepo.

Kuna tarehe tatu za kuepuka. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba China nzima iko likizo. Mwanzoni mwa Mei hali ni hiyohiyo kwa siku chache. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia Januari au Februari, ndio mbaya zaidi kwa safari hii, maana mafundi hurudi makwao na karakana hufungwa kwa wiki kadhaa. Utazikuta sanamu, lakini hutasikia nyundo hata moja.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwenye pasi ya kawaida ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya utalii, ile ya herufi L, kupitia ubalozi au kituo cha maombi. Utaombwa tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na ratiba. Kwenye ratiba andika Xiamen na Quanzhou, miji ambayo ofisa anaijua, kisha Hui'an kama safari ya kutokea hapo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasi.

Ndugu zetu wenye pasi za Uingereza, Kanada au Sweden wanaweza kutumia utaratibu wa kupita bila viza kwa saa 240, ambao unahusu jimbo zima la Fujian. Sharti lake ni uwe unatoka nchi moja na kuendelea nchi nyingine, si kurudi ulikotoka. Angalia sheria tena wiki ya kukata tiketi, kwa sababu hubadilika.

Hatua ya 3: Iandae simu ukiwa bado nyumbani

Hatua hii usiiahirishe. China ya leo hulipa kwa simu kama sisi tunavyolipa kwa M-Pesa, hadi kwa muuza viazi vitamu wa kando ya njia. Pakua Alipay na WeChat, jisajili kwa pasi, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na ufanye hayo yote ukiwa kwenu, mahali ambapo ujumbe wa benki wenye namba ya siri utakufikia. Kwa kadi ya nje, Alipay haitozi ada kwa malipo yasiyozidi yuan 200. Yakizidi hapo hukata asilimia 3. Beba pia noti ndogondogo, kwa kuwa simu huzimika.

WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule. Njia rahisi ni kununua kifurushi cha kimataifa cha eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) kabla ya kuondoka, kwa kuwa data yake hupitia nje ya China. Kwa ramani tumia Amap. Pakua na programu ya kutafsiri pamoja na kamusi yake ya Kichina, ili ifanye kazi bila mtandao.

Halafu hifadhi picha ya maneno haya kwenye simu, uwe unamwonyesha dereva: 惠安 (Hui'an), 崇武古城 (ngome ya Chongwu), 洛阳桥 (daraja la Luoyang), 影雕 (uchongaji wa kivuli), 清真 (halali). Usitegemee matamshi yako. Mimi nilisema "Chongwu" mara tano kwa dereva mmoja, kila mara kwa sauti tofauti, naye kila mara akaitikia kwa heshima kubwa bila kuelewa chochote.

Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za kule, ingawa umeme wake wa volti 220 unakaribiana na wetu. Beba adapta.

Hatua ya 4: Njia

Wengi kutoka Afrika Mashariki hushukia Guangzhou. Kutoka hapo panda ndege ya ndani hadi Xiamen au Quanzhou, au treni ya kasi kufuata pwani. Kwa treni tenga zaidi ya nusu siku, ukihesabu na foleni. Tiketi hukatwa kwenye programu ya reli ya 12306, hufunguliwa siku 15 kabla, na pasi yako ndiyo tiketi. Mageti ya kujihudumia mara nyingi hayasomi pasi za kigeni, basi nenda moja kwa moja kwenye mlango wenye mtumishi.

Kuwa mwangalifu na saa. Treni huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na China yote inatumia saa moja, tano mbele ya Nairobi na Dar. Tiketi ikisema 15:10, hiyo ni saa tisa na dakika kumi alasiri, na mlango wa kupandia hufungwa dakika chache kabla. Ukiwa umezoea kuhesabu saa Kiswahili, piga hesabu mara mbili.

Ukipita Xiamen, usikimbilie Quanzhou. Panda treni ya jiji laini namba 1 hadi kituo cha 集美学村 (Jimei Xuecun), kisha tembea hadi Aoyuan, eneo la kaburi la Tan Kah Kee (1874–1961), mfanyabiashara aliyetajirikia Singapore akajenga shule nyingi kwao Jimei. Kuta zake zimejaa nakshi za mawe zilizofanywa na mafundi wa Hui'an miaka ya 1950: wanyama, mimea, vita, mashine. Alitaka raia wajifunze kwa kutazama. Saa moja na nusu inatosha, na hapo ndipo somo lako linapoanzia.

Kutoka Xiamen hadi Quanzhou kwa treni ni nusu saa hivi. Hui'an yenyewe ina kituo kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 2010, ila si kila treni husimama. Kutoka Quanzhou hadi Chongwu ni kama kilomita 40, kwa basi au kwa teksi ya kuitwa kwenye simu.

Hatua ya 5: Malazi

Lala usiku mbili Quanzhou na usiku mbili Chongwu. Quanzhou ina hoteli za kila bei. Chongwu nyingi ni nyumba ndogo za wageni, nzuri na zenye kutazama bahari, lakini baadhi hazijazoea kusajili pasi ya kigeni. Uliza kwa ujumbe kabla ya kulipa. Hoteli hukusajili yenyewe. Ukilala kwa rafiki, wewe na yeye mnatakiwa kwenda polisi ndani ya saa 24.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, jifunze kutazama

Quanzhou ndiyo ile Zaitun ya wasafiri wa Kiarabu. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliikuta bandari hii miaka ya 1340 akiwa njiani kuizunguka China. Vyombo vya kaure vya China vilivyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi vilifuata bahari hiihii. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika Quanzhou katika urithi wa dunia kwa sababu ya biashara hiyo ya kale, ikiwa na maeneo 22.

Anza na Msikiti wa Qingjing. Lango lake refu la graniti lina matao yaliyochongoka, tao ndani ya tao. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa tena, anga ndiyo dari. Ukutani kuna maandishi ya Kiarabu yasemayo kwamba msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009 au 1010. Watalii wengi hupiga picha na kupita. Wewe uliyesoma chuo cha Kurani simama uyasome. Angalia jinsi herufi zilivyoachwa juu na jiwe la nyuma likachimbwa, na hebu fikiria mkono uliofanya hivyo kwenye jiwe gumu namna ile.

Kisha nenda Makumbusho ya Bahari, yaliyoanzishwa mwaka 1959. Makumbusho mengi ya China hufungwa Jumatatu, basi panga siku vizuri. Pita haraka kwenye mifano ya majahazi, uende chumba cha mawe ya dini. Kuna makaburi ya Waislamu, misalaba ya Wakristo wa kale ikiwa imekaa juu ya ua la yungiyungi, na vipande vya hekalu la Kihindu, vyote vimechongwa kwenye mawe ya palepale Fujian. Tumia muda wako mwingi hapo. Chagua kaburi moja tu lenye Kiarabu, ulitazame kwa pembeni mwanga ukiwa unaangukia upande mmoja. Utaona alama za tindo ambazo ukisimama mbele hazionekani.

Jioni nenda Hekalu la Kaiyuan kuona minara miwili ya graniti ya karne ya 13. Wa mashariki una urefu wa mita 48, wa magharibi mita 44. Kila mmoja una nakshi 80 za watu, na viungo vyake vimechongwa kuiga mbao: boriti, vishikizo, hata ncha za makenchi. Ni seremala aliyezaliwa upya akiwa mwashi.

Hatua ya 7: Daraja la Luoyang, maji yakipwa

Daraja hili liko kati ya Quanzhou na Hui'an, lilijengwa mwaka 1053 hadi 1059 chini ya gavana Cai Xiang, na lina urefu wa zaidi ya mita 700. Wengi hulifikia maji yakiwa yamejaa, wakaona njia ya mawe juu ya maji, basi. Tafuta ratiba ya maji kwanza, ufike yakiwa yamepwa, ikiwezekana siku za bamvua. Yakipwa ndipo daraja linapoonyesha siri zake.

Nguzo zake zimechongoka kama gubeti ya jahazi ili kuupasua mkondo. Chini yake mafundi hawakuchimba msingi. Walimwaga mawe kwenye kitako cha bahari kufuata mstari wa daraja, kisha wakapanda chaza juu yake. Chaza wakazaliana, magamba yao yakashikana na mawe, na wao ndio wakawa saruji. Mihimili mizito ya mawe ililetwa kwa vyombo maji yakiwa juu, ikawekwa mahali pake maji yakishuka. Ukishuka pembeni utawaona chaza wanaoishi leo, na akina mama waliochutama matopeni na visu vyao. Watu wa Unguja, Lamu na Mafia hawatahitaji kuelezwa.

Vaa viatu visivyoteleza. Daraja lenyewe halina kivuli, na mawe yamelainishwa na miguu ya karibu miaka elfu moja.

Hatua ya 8: Chongwu alfajiri

Lala Chongwu usiku huo, uamke kabla ya jua. Ngome ilijengwa mwaka 1387, zama za Ming, kuzuia maharamia, na ukuta wake wa graniti una mzunguko wa kilomita 2.5 hivi na urefu wa kwenda juu wa kama mita 7. Anzia lango la kusini, panda juu, uzunguke wote ukitembea taratibu. Upande mmoja una bahari na mnara wa taa, upande wa pili una mapaa ya nyumba za mji, ambao bado unaishi: nguo zimeanikwa, samaki wanakauka kwenye nyungo, redio inasikika mahali.

Jambo la kutazama ukutani ni jinsi mawe yalivyolazwa. Si yote yamelala. Mengine yamesimamishwa, mengine yameingizwa kichwa ndani kama kabari. Ukifika kona, piga magoti uone.

Bustani ya sanamu iko nje ya ukuta, kando ya bahari, na hulipiwa kiingilio. Ina mamia ya sanamu, na niseme ukweli, nyingi ni za kawaida. Zinazostahili safari ni zile zilizochongwa kwenye miamba ya pwani yenyewe, pale mchongaji alipoukuta mwamba una umbo la kobe au samaki akaongeza mikato michache tu na kuacha bahari imalizie. Nenda moja kwa moja huko. Saa mbili zinatosha.

Hatua ya 9: Karakana

Sasa jicho liko tayari. Karakana zimesongamana kuelekea Chongwu na Shanxia. Nenda asubuhi baada ya saa mbili, au alasiri. Saa sita hadi saa nane watu hula na kulala, na kumgonga mtu mlango wakati huo si ustaarabu. Kubwa zaidi: beba barakoa nzuri, ile nene inayobana usoni. Vumbi la graniti lina silika, nalo huua mapafu polepole. Karakana njema hukata kwa maji. Ukikuta wanakata kavu na hewa nyeupe, salimia kisha uondoke.

Mwite fundi "shifu". Neno hili linabeba heshima ileile tunayoitia tunapomwita mtu "fundi", na linafungua milango. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, maana michoro ya wateja ni siri ya biashara.

Kazi ya jadi hugawanywa kwa vitenzi vinne. *Nie* ni kulitia jiwe umbo la kwanza. *Lou* ni kutoa jiwe lisilotakiwa la ndani. *Ti* ni kuondoa la nje. *Diao* ni kumalizia kwa utaratibu, mkato kwa mkato. Uliza karakana yoyote ipi kati ya hizo nne inafanywa na mashine. Leo mashine hufanya hatua za mwanzo karibu kila mahali, wala si dhambi. Mkono unaonekana kwenye *diao*: manyoya ya simba, kope, mikunjo ya nguo.

Simba wa kusini ana gololi mdomoni. Haikuwekwa, ilichongwa humohumo kutoka jiwe lilelile, na ni kubwa kuliko mwanya wa meno. Ingiza kidole uizungushe. Ikizunguka vizuri bila kukwama, fundi alifika na patasi yake mahali ambapo hata jicho halifiki. Wale simba wangu wa siku ya kwanza gololi zao zilikuwa zimegandishwa na gundi.

Halafu tafuta 影雕, uchongaji wa kivuli, ambao kwangu ndio moyo wa safari. Fundi huchukua bamba la jiwe jeusi lililong'arishwa mpaka unajiona sura. Ana sindano nene ya chuma yenye ncha kali. Hachori mstari. Anadonoa, na kila donoo huacha nukta nyeupe. Nukta nyingi huleta mwanga, chache huleta kivuli, na palipoachwa hubaki usiku. Sauti yake ni kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Nilimtazama mama mmoja akimaliza shavu la mzee kwenye picha ya familia, na kwa dakika ishirini sikuona badiliko lolote. Kisha akapangusa vumbi kwa kiganja, na shavu lilikuwa limejaa.

Baadhi ya karakana humpa mgeni kibamba kidogo ajaribu. Jaribu. Mimi nilidonoa jicho la ndege, nikazidisha karibu na mboni, na ndege akapata mtoto wa jicho. Nukta haifutiki. Kurudisha weusi ni kusaga bamba lote upya.

Hatua ya 10: Akina mama wa Hui'an

Utawaona sokoni Chongwu na katika kijiji cha Dazuo: kofia ya njano ya mianzi, kitambaa cha maua kilichobana mashavu, blauzi fupi inayoacha kitovu, suruali nyeusi pana, na mkanda wa fedha kiunoni. Kuna msemo wa utani kuhusu vazi hilo: kichwa cha kikabaila, tumbo la demokrasia, blauzi ya kubana matumizi, suruali ya ubadhirifu. Lakini vazi lina akili ya kazi. Blauzi fupi hailowi mtu akiinama majini, na suruali pana hukauka upesi kwa upepo.

Hawa si pambo. Wanaume walikuwa baharini, na wanawake ndio waliobeba mawe. Bwawa la Huinü, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa nguvu zao zaidi, limepewa jina lao. Ukitaka picha ya mama mtu mzima, mwite "ayi", nunua kitu chake, ndipo uombe. Akikataa, tabasamu na upite. Wasichana waliovaa vazi hilo jipya na maua kichwani kando ya ngome mara nyingi ni watalii kama wewe waliolikodi, na hao watafurahi.

Hatua ya 11: Chakula

Chakula cha Chongwu ni mviringo wa samaki, *yujuan*: samaki aliyepondwa akachanganywa na wanga, akaviringwa na kupikwa kwa mvuke. Kwenye karamu huja mwanzoni. Angalizo kwa Waislamu: mafuta ya nguruwe huingia kwenye vyakula vingi vya Fujian, hata vya samaki, kwa hiyo uliza kila mara. Kimbilio la hakika ni migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono yenye bango la 清真, inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China.

Hatua ya 12: Kununua

Mpaka hapa umetazama siku tatu. Sasa nunua, kwa taratibu hizi.

Gonga jiwe kwa kitu cha chuma. Jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa huitikia kama boga. Limwagie maji kisha subiri. Uso utakauka, na ufa utabaki mstari mweusi uliolowa. Kama jiwe ni jeusi mno, chovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha ulisugue upande wa chini: pamba ikigeuka nyeusi, jiwe limepakwa rangi. Sanamu ndogo nyepesi, isiyo na ubaridi mkononi na yenye mstari wa kuunga ubavuni, ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe.

Bei haziandikwi. Uliza karakana tatu kwa kitu kilekile kabla ya kutaja namba yako, na uulize siku ngapi za kazi zimeingia. Fundi wa kweli anajibu hilo bila kufikiri.

Hatua ya 13: Kubeba na kusafirisha

Graniti ina uzito wa takriban kilo 2.7 kwa ujazo wa lita moja. Yaani jiwe la ukubwa wa pakiti ya maziwa ni karibu kilo 3, na mita moja ya ujazo ni tani 2.7. Bamba la uchongaji wa kivuli la ukubwa wa karatasi ya A4, lenye unene wa sentimita 1, ni kama kilo 2, na ndilo zawadi ya busara. Lifunge kwa nguo, liweke wima katikati ya begi, kamwe lisilale juu ya magurudumu.

Ukinunua kikubwa, mzigo utapitia bandari ya Xiamen. Jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye kontena la kuchangia hutozwa kwa ujazo au kwa uzito, kile kilicho kikubwa. Mtu wa nguo hulipia ujazo, wewe wa mawe utalipia uzito. Bei ya mita moja ya ujazo uliyoambiwa na rafiki yako muuza nguo Kariakoo haikuhusu. Dai sanduku la mbao zilizotiwa dawa, lenye muhuri wa IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), la sivyo mzigo unaweza kukwama Mombasa au Dar kwa sababu ya mbao tu. Piga picha kila upande kabla halijapigiliwa misumari, na mwambie wakala wako wa forodha neno "sanamu za mawe" mapema, aangalie ushuru wake kabla ya meli kuondoka.

Na kama fundi atakupa tindo kuukuu kwa ukumbusho, kama alivyonipa mimi, liweke kwenye begi la kupakia. Langu lilikuwa mfukoni, na liko ndani ya ndoo ya uwanja wa ndege, pamoja na mikasi na viberiti.